Kiboko Aliyesimama kwa Miguu Minne

Kisugu, Kampala
10 Machi 1974

Ndugu yangu Tarcisio,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Nasike, na mjomba Oloo aliyekupokea huko Kisumu ulipotukimbia. Mwambie mjomba kaburi la mama tumelipalilia na limependeza. Ayot wangu amekuwa wa nne darasani, na sasa anajiona profesa, hata kuosha sufuria hataki. Sukari na sabuni ulizompa Oduor wa melini zimefika, hakuna kilichomegwa njiani. Hapa watu wanapanga foleni tangu alfajiri na kurudi na vikapu vitupu, mimi nakunywa chai tamu kama mke wa waziri. Majirani wakiuliza nawaambia nina ndugu.

Sasa kaa kitako. Olweny amechukuliwa.

Walikuja Jumatatu mchana, nikiwa naanika nguo. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, sare yake ya polisi bado mwilini. Wakamwambia avue kofia, akavua, akanipa mimi. Miaka kumi na sita kazini, Tarcisio, na kofia inavuliwa mbele ya mtoto wake! Kosa lake? Hawakutaja. Ni Mwacholi, basi, na siku hizi hilo linatosha. Mahali alipo napajua, lakini kwenye karatasi sipaandiki.

Nimezunguka kwa wakubwa mpaka viatu vimeisha soli. Mwishowe nimefika kwa Afande mmoja, yule aliyegawiwa kliniki ya bosi wangu wa zamani, Daktari Hirji wa meno, baada ya Wahindi kufukuzwa. Nilipoingia akanitazama sana. Kisha akafungua droo akatoa picha. Banange! Ni mimi mwenyewe, na aproni yangu ya kliniki, nimeshika sinia, na juu ya sinia wale wanyama sita wa mawe wa Daktari. Akasema ana mgeni wake anayevitafuta vitu vya Misri ya kale, na kwamba nikimletea hao sita, Olweny atalala nyumbani.

Unajua hao si wangu. Daktari aliniwekea amana mikononi siku aliyoondoka, akasema atatuma mtu. Ndiyo maana nilimpa Oduor bati lile la biskuti, nao wamo ndani, akuvushie kwa meli yao ya kubeba mabehewa ya treni, huko kwenye usalama. Nimeomba radhi kwa Daktari usiku na mchana. Lakini akija kunidai nitapiga magoti nimweleze. Olweny nani atanirudishia?

Mpe Oduor bati, alifunge kwenye furushi la samaki kama alivyofanya mara ya kwanza. Usiandike chochote kwa posta, barua zinafunguliwa. Fanya haraka, mdogo wangu.

Dada yako,
Santina

*

Kisumu
2 Aprili 1974

Mpendwa Dada Santina,

Salamu zikufikie pamoja na Ayot. Sisi hatujambo kiasi. Mjomba Oloo goti linamsumbua, anatembelea fimbo na kumlaumu kila mtu. Nasike amefungua duka dogo hapa karibu na soko, anauza nguo za watoto na vyombo, na Mungu akijalia tutaezeka upya kabla ya mvua kubwa. Mtoto wetu wa pili ameota meno mawili.

Dada, habari ya shemeji imenivunja. Nimekaa nayo siku tatu bila kula. Olweny ndiye aliyenifundisha baiskeli, na mwaka ule wa sabini na mbili ndiye aliyenificha ndani ya lori la makaa. Nitafanya kila kitu, usiwe na shaka.

Ila kuna jambo moja dogo. Bati lile sikuliweka hapa mjini, wezi ni wengi. Nililipeleka shamba kwa mjomba, nalo limefungiwa kwenye sanduku lake, na sasa barabara ya huko imekatika kwa mvua. Ikikauka tu nakwenda. Wakati huo, nikumbushe vizuri: walikuwa wanyama gani na gani, ukubwa gani, rangi gani? Nisije nikaleta pungufu, ukaonekana mwongo mbele ya Afande.

Nimempa Oduor sukari kilo nne na mafuta ya kupikia. Jipe moyo.

Mdogo wako,
Tarcisio

*

Kisugu
14 Aprili 1974

Tarcisio,

Hatujambo. Leo ni Pasaka, na Oduor amekaa hapo kizingitini ananiharakisha, meli inang'oa nanga jioni, kwa hiyo salamu nyingine jipe mwenyewe.

Wewe! Mwaka mzima na zaidi unakaa na bati, hukuwahi hata kulifungua ukaangalia? Ukubwa gani, ati. Ukubwa wa kiganja, hao wanyama. Simba aliyelala. Paka aliyeketi, mkia umezunguka miguu. Nyani ameshika magoti. Chura, ndiye mdogo kuliko wote. Kalunguyeye na miiba yake. Na kiboko, mgongoni amechorwa maua ya majini kwa wino mweusi. Rangi yao ni buluu inayoelekea kijani, wanang'aa kama chupa.

Daktari alinieleza walivyotengenezwa, wakati wa chai, mgonjwa akikosekana. Jiwe lenyewe ni laini, analichonga mtu kwa kisu kama muhogo. Kisha linapakwa dawa ya majivu na shaba, linatiwa motoni. Likitoka huko limevaa kioo, na limekuwa gumu mpaka linaweza kukwaruza chupa. Babu yake alikuwa karani wa meli huko Suez, akawanunua kwa mkulima mmoja aliyewachimbua. Watu wa zamani waliwazika pamoja na wafu wao. Nilimwuliza, "Daktari, na huyu kalunguyeye wa nini kaburini?" Akasema kalunguyeye hujificha ardhini wakati wa shida na kutoka tena akiwa mzima, nao walimtaka maiti wao afanye hivyo hivyo. Siku hizi nikimpelekea Olweny chakula pale getini namfikiria huyo kalunguyeye.

Chakula wanapokea, yeye hawanionyeshi. Afande ameuliza mara mbili. Barabara ikiwa haijakauka, ingia matopeni.

Santina

*

Kisumu
3 Juni 1974

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Najua nimekawia na najua umenuna. Mjomba Oloo alilazwa, kisha nikashikwa na malaria mimi, kisha Oduor akahamishiwa safari za Mwanza mwezi mzima. Nasike anakusalimu sana. Nyumba tumeshaezeka, mabati mapya, mvua ikinyesha hatusikiani.

Sasa furahi. Bati analo Oduor, na wanyama wote sita wamo, nimewafunga kwa pamba kila mmoja peke yake. Kiboko nilimkuta amevunjika miguu mitatu, nadhani ni kule melini siku za kwanza. Nikaona aibu kukurudishia kitu kibovu, Afande akadhani tunamdharau. Nikampata fundi wa mawe kutoka Kisii akamtengeneza vizuri, huwezi hata kujua. Ndiyo maana mambo yamechukua muda.

Ushauri wangu: usiwafungue fungue ovyo. Mpe Afande bati kama lilivyo, mchukue mumeo, mwende zenu. Wanajeshi hawa wanajua nini kuhusu Misri?

Tutakapokutana tutacheka haya yote.

Tarcisio

*

Kisugu
20 Juni 1974

Tarcisio,

Ayot ni mzima. Mimi nitakueleza nilivyo.

Bati lilifika Jumamosi, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya Afande. Nilifungua. Unadhani nisingefungua? Kwa miaka kumi na mbili niliwapangusa wanyama wale kila Ijumaa kwa pamba na maji ya vuguvugu. Nikaondoa pamba ya kwanza, kiboko huyo, amesimama mezani pangu kwa miguu minne.

Hakuvunjika melini, Tarcisio. Alivunjwa na wenyewe, wale watu wa zamani wa Misri, siku ya maziko. Walimwogopa asije akamkimbiza maiti wao huko chini, wakamvunja miguu mitatu kabla ya kumweka kaburini. Daktari aliponieleza nilicheka sana, hata mgonjwa kwenye kiti naye akacheka na mdomo umejaa pamba. Katika ile picha ya Afande kiboko amelala ubavu, vipande vya miguu vinaonekana wazi. Kisu cha fundi wako kikampa miguu mizima, kwa kuwa fundi gani atakubali kuuza mnyama nusu?

Hata hivyo nilikuamini. Nisikilize, nilikuamini bado! Nikasema ndugu yangu mjinga, amemharibu kiboko kwa wema wake, ametia viraka, nitaving'oa. Nikachukua mchi wa kinu. Mguu wa kwanza ukakatika kwa pigo dogo kabisa, na ndani ulikuwa mweupe wa waridi, unaacha unga vidoleni. Nikatazama kiungo kilipo. Hakikuwapo. Mguu na tumbo vilikuwa jiwe moja.

Nikamchukua paka, nikamkwaruza kwa ukucha. Ukucha wangu, si kisu. Rangi ikatoka na jiwe likatoka. Simba hivyo hivyo. Chura hivyo hivyo. Wote sita ni mawe ya Kisii yaliyopakwa rangi ya milango.

Ningefanya nini? Ilikuwa Jumapili usiku, na gari la Afande lilikuwa linakuja asubuhi. Niliimalizia miguu mingine miwili nikiwa nalia, nikapaka mavunjiko kwa majani ya chai na masizi ili yaonekane ya kale. Mimi, niliyeapa mbele ya Daktari! Mpaka saa sita ya usiku nilikuwa mezani nikighushi, mikono yote buluu.

Pale kliniki kiti cha wagonjwa bado kipo. Mgeni wa Afande ni Mmisri, mhandisi, mtu mpole, alinipa hata mkono. Alimshika kiboko, akampima uzito kiganjani, akatabasamu. Akatoa pini ya tai yake. Ikazama kama kwenye kipande cha sabuni. Akacheka, akamwambia Afande wamemletea vitu vya kuchezea watoto. Afande hakucheka. Mgeni alipoondoka, Afande alinipiga kofi moja tu. Yaliyobaki, alisema, atampelekea Olweny.

Tangu siku hiyo chakula changu getini hakipokelewi.

Nakuuliza jambo moja tu, na usiniletee habari za goti la mjomba. Wako wapi?

Santina

*

Kisumu
28 Agosti 1974

Dada,

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana. Hatujambo. Nisamehe nikianza na salamu, sijui kuanza vingine.

Niliwauza. Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa Mei, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifikia hoteli ya hapa mjini. Hata jina lake silijui vizuri. Alishakwenda kwao na wanyama wamekwenda naye. Ulipoandika mwezi wa tatu hapakuwa na kitu shamba, wala barabara haikukatika. Nilimtafuta Mzungu huyo Nairobi nzima, Dada, haki ya Mungu nilimtafuta, na nilipomkosa ndipo nilipokwenda kwa fundi. Nilidhani Afande ni mtu wa bunduki tu, atapokea bati na kutia saini. Nilidhani nitamtoa shemeji kwa njia hiyo.

Lakini na wewe usinihukumu kama malaika. Mimi nilifika huku na shati moja. Unadhani karani wa ghala kama mimi anapata wapi sukari kilo nne kila mwezi? Ile chai tamu uliyojivunia kwa majirani, sabuni uliyomwogeshea Ayot, mafuta, vyote vilitoka kwa hao wanyama. Tuliwala pamoja, wewe na mimi. Hukuuliza hata siku moja, ulikuwa unapokea tu. Na Daktari hatarudi wala hataandika, amekwisha kutusahau. Na amana unayoitaja, si wewe mwenyewe uliyetaka kumpa Afande?

Nimeandika kwa hasira, na karatasi hii sitaichana kwa sababu Oduor anaondoka. Niambie shemeji yukoje. Nitakuja mwenyewe Kampala, wanikamate mimi, kama unataka. Sema neno moja tu nije.

Tarcisio

*

Kisugu
17 Novemba 1974

Tarcisio,

Olweny ametoka.

Usidhani ni kwa ajili yako. Afande alikosana na wenzake, akatoroka, na hata mke wake hajui alikokwenda. Aliyeletwa badala yake alikuta watu wengi wasio na karatasi yoyote, akafungulia baadhi yao ili apate nafasi. Jumapili moja mwezi uliopita, nikiwa namsuka Ayot nywele, mtu akasimama mlangoni na sikumtambua. Mtoto ndiye aliyesema, "Baba." Sikio la kushoto halisikii tena. Mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati, namfunga mimi. Alipigwa kuanzia ile Jumatatu ya kiboko, siku tisa mfululizo, naye hakujua hata anapigiwa nini. Kila walipomwuliza mawe ya kweli yako wapi, alidhani wanauliza almasi.

Ulisema Daktari hataandika. Ameandika, kutoka Uingereza. Mpwa wake atapita Januari kuchukua bati. Nitamwambia amana ilipotelea mikononi mwangu, maana hapo ulisema kweli: ni mimi niliyeitoa ndani ya nyumba yangu, na ni mimi niliyekuwa tayari kumpa Afande. Sukari nayo nilikunywa. Hayo ni yangu, nimeyapokea, na huhitaji kunikumbusha tena.

Lakini sikiliza lililobaki.

Siku ya pili baada ya kurudi, Olweny aliketi kitandani akaniuliza, "Tarcisio ameandika? Najua yule kijana alihangaika kwa ajili yangu. Nipe karatasi nimshukuru, wewe uandike, mimi nitasema." Nikamtazama mkono wake. Nikamwambia umekufa. Nikasema malaria ilikuchukua mwezi wa nane, na kwamba sikutaka apate habari hiyo akiwa kule ndani.

Alilia, Tarcisio. Wakati wote aliokaa kule hakulia, aliniapia hivyo, na kwa ajili yako alilia mpaka Ayot akaogopa. Alitaka matanga, tukakufanyia. Wanawake wote tuliokua nao katika kambi ya polisi pale Nsambya walikuja, wakapika, wakakaa siku tatu. Padri alisoma misa na jina lako likatajwa baada ya la mama. Olweny amenyoa nywele. Anawasimulia watu ulivyojifunza baiskeli, ukaingia nayo kwenye ukuta wa bwalo la polisi. Wanacheka, kisha wananipa pole mimi.

Utajiuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Namjua mume wangu. Angesikiliza mpaka mwisho, halafu angesema ni njaa, ni ujana, ni dunia hii tuliyonayo, mwandikie aje. Angekusamehe palepale, na sikio lake hilo bovu. Naye ndiye mwenye haki ya kusamehe, mimi ningelazimika kufuata. Sitaki usamehewe. Nilikubeba mgongoni tangu una wiki mbili, mama alipougua, na mgongo huo huo unakataa.

Usije. Ukija utamwua mara ya pili, maana atajua ni nani aliyemdanganya, na atakuwa amebaki bila shemeji na bila mke. Oduor nimemwapisha kwa msalaba. Ukimpa barua ataitia majini, ukimpa sukari ataitia majini pia. Nasike na watoto hawana kosa, Mungu awatunze.

Matanga yako yamekwisha. Leo asubuhi nimevua kitambaa cheusi.

Santina